Mashujaa Wanawake wa Katuni za Kale Hawakuwa Mapambo

Kuna kauli iliyorudiwa mara nyingi mpaka haidaiwi tena ushahidi. Inasema kwamba katika vitabu vya katuni vya Marekani vya zama za dhahabu, yaani tangu Superman alipotokea mwaka 1938 hadi katikati ya miaka ya 1950, mwanamke alikuwa pambo tu. Alichorwa na wanaume kwa ajili ya wavulana na wanajeshi, akiwa nusu uchi, na kazi yake ilikuwa kutekwa ili shujaa wa kiume apate mtu wa kumwokoa. Mwenye kutaka kutenda haki huongeza kwamba alikuwapo Wonder Woman, kisha humtaja kana kwamba alizuka peke yake. Baada ya hapo simulizi hupanda kama ngazi: kale kulikuwa giza, pakaanza kupambazuka, na leo ndipo mwanamke wa katuni amepata heshima yake.

Naipinga kauli hiyo, wala si kwa kupenda vya kale. Naipinga kwa sababu inawafuta watu wa aina mbili kwa mpigo mmoja: mashujaa waliochorwa, na wanawake halisi waliowachora. Tena inatufanya tushikilie kosa dogo la zama zile huku kosa kubwa likipita mbele ya macho yetu.

Ina mahali ilipoanzia, nakubali. Ukiyapanga mezani majalada ya Planet Comics au Jumbo Comics ya miaka ya 1940 utaona jambo lilelile likijirudia: msichana aliyevaa kidogo, dubwana au mwovu nyuma yake, kinywa wazi. Kampuni ya Fiction House ya New York, iliyochapisha majarida hayo, ilijua kwamba jarida la senti kumi linauzwa na jalada, maana mtoto analiona likiwa limepangwa pamoja na mengine chungu nzima, naye ana senti kumi tu mfukoni. Kwa hiyo jalada lilikuwa tangazo. Mara nyingi alilichora mtu ambaye hakugusa ukurasa hata mmoja wa ndani, na tukio lililochorwa pale juu huenda usilikute kabisa katika hadithi. Wengi wa wanaotoa hukumu juu ya zama zile wameishia hapo juu.

Ndani kuna mambo mengine. Tuanze na Sheena, maana ndiye anayetajwa kwanza watu wanapotaka kutoa mfano wa mwanamke wa pambo. Alibuniwa na Will Eisner na Jerry Iger, waliokuwa na karakana ya kutengeneza katuni kwa ajili ya wachapishaji. Alitokea kwanza Uingereza katika jarida la Wags, kisha Septemba 1938 akaingia Marekani katika toleo la kwanza la Jumbo Comics, miezi michache tu baada ya Superman. Ni yatima aliyekulia porini. Ana kisu na mkuki, anavuka msitu juu kwa juu kwenye matawi, anapambana na wanyama wakali na wawindaji haramu. Ana mwenzi, Mzungu mmoja aitwaye Bob, na Bob katika hadithi zile ana kazi moja inayojulikana: kukamatwa. Bob anafungwa kamba mtini, Bob anatumbukizwa shimoni, Bob anasubiri kuuawa, na Sheena anafika. Nafasi ile ambayo tunaambiwa ilikuwa ya mwanamke, hapa aliikalia mwanamume, tena si katika hadithi moja au mbili bali kwa miaka. Jumbo Comics ilidumu hadi 1953, matoleo 167, na nguzo yake ilikuwa Sheena. Mapema mwaka 1942 alipewa jarida la jina lake mwenyewe, akawa shujaa wa kwanza wa kike kupewa heshima hiyo katika vitabu vya katuni vya Marekani. Jarida la Wonder Woman lilifuata majira ya joto ya mwaka huohuo.

Hilo la Wonder Woman kuwa peke yake nalo halina miguu. Februari 1940, karibu miaka miwili kabla yake, toleo la pili la Jungle Comics lilimtoa Fantomah, mwanamke mwenye nguvu za ajabu ambaye uso wake hugeuka fuvu anapokasirika. Agosti 1941 walitokea watatu kwa pamoja. Phantom Lady, binti wa seneta, hakuwa na nguvu zozote za ajabu ila taa ya kutoa giza badala ya mwanga, ambayo aliwapofusha nayo maadui. Nelvana alizaliwa Kanada, nchi ambayo wakati ule ilikuwa imepiga marufuku kuingizwa kwa katuni za Marekani ili kulinda fedha zake za kigeni. Na Black Cat alikuwa Linda Turner, mwigizaji wa Hollywood aliyeanzia kwenye kazi ya kuruka na kuanguka kwa niaba ya waigizaji wengine, akaamua kuutumia ujuzi huo kuwasaka wahalifu kwa pikipiki. Huyu nampenda kwa jambo moja hasa. Jarida lake liliweka kurasa za kumfundisha msomaji judo: adui akikushika mkono hivi, geuza kiwiko hivi, egemeza nyonga hapa, mwangushe. Shujaa mwenyewe ndiye aliyeonyesha, hatua kwa hatua, na anayeangushwa ni mwanamume. Msichana wa miaka kumi na miwili aliyelinunua jarida lile aliondoka na kitu cha kujaribu kwa mikono yake.

Kabla ya hao watatu, Aprili 6, 1941, kurasa za katuni za magazeti ya Jumapili zilimpokea Miss Fury, ambaye mwanzoni aliitwa Black Fury. Aliyembuni, kumwandikia na kumchora ni mwanamke, June Tarpé Mills. Alijisomesha Pratt Institute, Brooklyn, kwa kufanya kazi ya uanamitindo, na alipoingia kwenye katuni aliliacha jina la June akatia saini ya Tarpé Mills peke yake. Alieleza baadaye kwamba watoto wangevunjika moyo kama wangejua kwamba wababe wale walitoka mkononi mwa mwanamke. Hadithi yenyewe inaanza kwa jambo dogo. Marla Drake, mwanamke tajiri wa New York, anajiandaa kwenda kwenye sherehe ya vinyago, mara anasikia kwamba mwenzake atavaa vazi kama lake. Mtumishi wake, Francine, anamkumbusha ngozi ya chui mweusi aliyoachiwa na mjomba wake. Anaivaa, anatoka, na usiku huohuo maisha yake yanageuka.

Kinachonivutia kwa Mills ni namna alivyouacha uwanja mzima mikononi mwa wanawake. Adui mkubwa wa Marla ni mwanamke pia, Baroness Erica von Kampf, jasusi wa Wanazi aliyepigwa chapa ya swastika kwenye paji la uso, akaifunika kwa kukata nywele za mbele zikaning'inia. Wote wawili wana akili, wana tamaa, wana woga, na wanakosea. Wanaume wanawazunguka, wanawapenda, wanawachelewesha. Kisha Marla anamwokoa mtoto mdogo kutoka kwa mwanasayansi katili, na anaamua kumlea mwenyewe, bila mume, katika magazeti ya Jumapili yaliyosomwa na familia nzima. Sijui katuni ngapi za leo zingethubutu kufanya hivyo bila kujitangaza kwanza. Kampuni ya Timely, ile ambayo baadaye tuliijua kama Marvel, ilizikusanya kurasa hizo katika majarida kuanzia 1942.

Mills hakuwa peke yake. Vita vilipowaondoa wachoraji wa kiume, Fiction House, kampuni ileile ya majalada ya aibu, iliajiri wanawake wachoraji kuliko washindani wake: Fran Hopper, Ruth Atkinson, Ann Brewster, Marcia Snyder na wengine. Mmoja wao alikuwa Lily Renée. Alizaliwa Vienna mwaka 1921 katika familia ya Kiyahudi, na baada ya Wanazi kuitwaa Austria alipelekwa Uingereza mwaka 1939 katika msafara wa kuwaokoa watoto. Huko alihangaika na kazi za utumishi wa ndani hadi alipoungana tena na wazazi wake New York. Mama yake aliona tangazo gazetini kwamba wanatafutwa wachoraji wa katuni. Akaanza kwa kazi ya chini kabisa, kufuta mistari ya penseli kwenye kurasa za wengine, na kabla ya muda mrefu akakabidhiwa Señorita Rio katika Fight Comics.

Rio ni mwigizaji wa filamu, Rita Farrar, ambaye mchumba wake aliuawa Pearl Harbor. Anajifanya amejiua, kisha anaingia kwenye ujasusi, akiwasaka mawakala wa Wanazi Amerika ya Kusini. Hakubuniwa na Lily Renée, lakini zitazame kurasa alizozichora: vivuli virefu, ngazi za mzunguko, macho ya mtu anayejua kwamba mlango huo unaweza kufunguliwa wakati wowote. Mchoraji aliujua woga huo. Alikuwa binti wa miaka kumi na saba hivi alipoachana na wazazi wake kwa sababu ya watu walewale ambao sasa Rio anawaangusha kila toleo. Alitia saini L. Renée, na wanajeshi waliomwandikia barua za kumsifu walimdhania mwanamume. Jina lake lilipotea kwa miongo mingi hadi mchoraji na mwanahistoria Trina Robbins alipomtafuta na kuandika habari zake. Lily Renée alifariki mwaka 2022, akiwa na miaka 101. Ukisema kwamba zama zile zilikuwa kazi ya wanaume kwa ajili ya wanaume, huyu umemtoa mezani kwa mara ya pili.

Hata katika Wonder Woman, ambaye sifa zote hupewa mwandishi aliyembuni, William Moulton Marston, mwanamke alikuwapo nyuma ya jina. Tangu 1944 hadithi nyingi ziliandikwa na Joye Hummel, binti aliyekuwa mwanafunzi wa Marston. Zote zilitoka kwa jina la Charles Moulton, jina la kalamu la Marston.

Sasa kuna wale wanaosema: sawa, lakini wasomaji walikuwa wavulana, na mvulana hataki kumsoma mwanamke shujaa. Hili tunalo jibu lake kwa namba. Mwaka 1942 mchapishaji M. C. Gaines aliwauliza wasomaji wake kama Wonder Woman, ingawa ni mwanamke, akubaliwe katika Justice Society, chama cha mashujaa wakubwa. Dodoso 1,801 za mwanzo zilipohesabiwa, wavulana 1,265 na wasichana 333 walisema ndiyo. Waliokataa ni wavulana 197 na wasichana 6. Mvulana mmoja kati ya saba, au pungufu ya hapo! Mwaka 1942, katika nchi iliyokuwa vitani, wavulana walipigia kura mwanamke aingie chamani kwa wingi ambao mwanasiasa yeyote angeutamani.

Na wakubwa wakafanyaje? Walimwingiza, wakampa ukatibu. Mashujaa wa kiume walipokwenda vitani, yeye alibaki nyuma na kumbukumbu za kikao. Tukio hilo hutajwa sana kama ushahidi wa roho ya zama zile, nami nasema ni ushahidi wa roho ya mwandishi na mhariri. Wasomaji walikuwa wameshasema lao.

Ndiyo maana ile simulizi ya kupanda polepole hainiingii akilini. Mambo yalikwenda kinyume: walianza juu, wakashushwa, tena na watu wenye majina na kwa tarehe zinazojulikana. Vita viliisha 1945, wanaume wakarudi, wanawake wakaambiwa waondoke viwandani. Marston alifariki 1947. Mkewe Elizabeth Holloway Marston, msomi wa sheria na saikolojia, aliomba akabidhiwe usimamizi wa shujaa ambaye alimfahamu tangu siku ya kwanza. Hakupewa. Kazi ilikwenda kwa mwandishi Robert Kanigher.

Tazama jalada la Sensation Comics, toleo la 94, la Novemba 1949. Mwanamke yule aliyekuwa akinyanyua vifaru sasa amebebwa mikononi na mpenzi wake Steve Trevor wanavuka kijito, naye anatabasamu. Buti zake za vita zimeondoka, amevaa viatu laini kama vya wacheza baleti. Ndani ya jarida lake mwenyewe kulikuwa na kurasa za historia zilizosimamiwa na Alice Marble, bingwa wa Wimbledon wa 1939, zilizowaeleza watoto habari za Florence Nightingale, Marie Curie, Susan B. Anthony, hata Sojourner Truth aliyezaliwa mtumwa. Kurasa hizo zilifutwa, na mahali pake pakawekwa safu ya desturi za harusi. Hicho ndicho kilichotokea, ukurasa kwa ukurasa, na mwenye kusema kwamba wanawake wa katuni walianza wakiwa duni amesoma mwisho wa habari akadhani ndio mwanzo.

Mwaka 1954 pigo likakamilika. Daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alichapisha kitabu chake cha kushambulia katuni, kamati ya Baraza la Seneti ikafanya vikao vyake New York, na Oktoba mwaka huo wachapishaji, kwa hofu, wakajitungia kanuni. Jarida lisilo na muhuri wa kanuni hizo lingekosa pa kuuziwa. Mengi katika kanuni yalihusu ukatili na vitisho, lakini humo humo uliagizwa pia utukufu wa ndoa na thamani ya nyumba katika hadithi za mapenzi. Wertham mwenyewe aliwalaumu mashujaa wanawake kwa kuwa hawatunzi nyumba wala hawalei familia. Hebu fikiria: shtaka lake lilikuwa kwamba wana nguvu mno na hawamtegemei mume. Leo tunawashtaki marehemu haohao kwa kuwa dhaifu. Mashtaka mawili hayo hayawezi kuwa kweli yote, na Wertham alikuwa amezisoma kurasa.

Miaka kumi na minane baadaye, Julai 1972, jarida la wanawake la Ms. lilipoanza kutoka kila mwezi, lilimweka Wonder Woman kwenye jalada. Gloria Steinem, mmoja wa waanzilishi wake, na wenzake walikuwa wamemsoma wakiwa wasichana wadogo miaka ya 1940, na walimtaka yule wa wakati huo, si yule wa kubebwa kijitoni.

Linabaki suala la nguo, na sitalikwepa. Phantom Lady wa toleo la 17, Aprili 1948, amevaa kidogo sana na kamba zimemzunguka, na Wertham alilichapisha jalada hilo kitabuni mwake kama kielelezo cha uchafu. Jalada lile lilimkusudia mtazamaji wa kiume, hakuna ubishi. Lakini tuwe na mizani moja. Tarzan alikuwa na kipande cha ngozi kiunoni kwa miaka yote hiyo, na Kaänga wa Jungle Comics vivyo hivyo, na hakuna aliyeandika kwamba ni mapambo. Tulitazama anachofanya. Tena mchoraji wa jalada la Phantom Lady, Matt Baker, alikuwa Mmarekani Mweusi aliyefanya kazi katika tasnia ambayo karibu haikumwajiri mtu wa rangi yake. Alifariki 1959 hajafika miaka arobaini, na kumtaja kwa jalada moja tu ni kumpunja. Wanawake wachoraji nao walipenda mavazi. Mills alimvika Marla magauni ya fahari kila wiki, na mwaka 1947 magazeti 37 yalikataa kuchapisha ukurasa wake wa siku moja kwa sababu ya vazi la mtumbuizaji wa klabu aliyemchora. Mwanamke aliyechora vazi lile hakuwa amelazimishwa na mtu.

Kosa kubwa liko kwingine. Liko katika pori la Sheena, na hapa sisi wasomaji wa Kiswahili hatuna sababu ya kunyamaza. Eisner alisema kwamba jina na wazo la Sheena lilitokana na riwaya ya She ya H. Rider Haggard, mwandishi ambaye wazee wetu walimsoma shuleni katika Mashimo ya Mfalme Sulemani. Katika She, malkia mweupe anawatawala watu weusi bara, na wasafiri wanamfikia kwa kupitia pwani yetu ya Afrika Mashariki. Sheena alirithi kiti hicho. Afrika yake haina miji, haina masoko wala shule wala mito unayoweza kuitafuta kwenye ramani. Waafrika wake wanakimbia, wanasujudu, au wanadanganywa na mchawi mpaka msichana mwenye nywele za dhahabu aje kuwafungua macho. Fantomah naye ni hivyohivyo. Mwanamke mweupe alipewa uhuru wote, na gharama yake akalipishwa mwanamke mweusi, ambaye katika kurasa zile hana hata jina.

Katika hili Wertham aliona sawasawa. Alikuwa amefungua kliniki ya Lafargue huko Harlem mwaka 1946 kwa watu ambao hospitali nyingine ziliwafungia milango, na ushahidi wake ulitumika katika kesi ya kupinga ubaguzi shuleni kule Delaware. Aliandika kwamba katuni za porini zinamfundisha mtoto kuwa kuna watu wa aina mbili, warefu wenye nywele za dhahabu walio bora, na weusi walio duni. Lakini wakaguzi waliokuja baada yake walichukua nusu ya maneno yake. Mwaka 1956 mkaguzi mkuu wa kanuni, Charles Murphy, alitaka hadithi ya anga iitwayo Judgment Day isitoke kwa sababu mwanaanga wake, anayeonekana kwa uso katika picha ya mwisho, ni mtu mweusi. Mchapishaji wake, William Gaines, mtoto wa yule M. C. Gaines wa dodoso, alikataa na kuichapisha ilivyo. Kanuni zilizowapa mashujaa wanawake urefu wa sketi hazikuwaondolea Waafrika dharau.

Sheena mwenyewe aliendelea. Kipindi chake cha televisheni cha 1955 na 1956 kilipigwa picha Mexico, pori la Mexico likaitwa Afrika. Mwaka 1984 filamu yake ilikuja kupigwa Kenya hasa, Tanya Roberts akiwa amepanda farasi aliyechorwa milia afanane na punda milia, katika nchi ya kubuni iitwayo Tigora. Mganga anayemlea Sheena katika filamu hiyo aliigizwa na Elizabeth wa Toro, binti mfalme kutoka Uganda. Huyu alisoma Cambridge. Mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupokewa katika uwakili wa Uingereza. Akawa mwanamitindo wa majarida makubwa, akawa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake, akafukuzwa na Idi Amin mwaka 1974, akatoroka hadi Kenya. Maisha yake yana safari, hatari na ujasiri wa kutosha kujaza majarida kwa miaka mingi. Kwenye filamu alipewa kazi ya kumwandalia njia malkia mweupe. Nikitaka kuonyesha ubaya wa urithi wa Sheena, sina haja ya kutaja urefu wa vazi lake.

Tena haikuwa lazima iwe hivyo, maana wakati uleule palikuwa na njia nyingine. Mei 1937, mwaka mmoja kabla ya Superman, gazeti la Wamarekani Weusi la Pittsburgh Courier lilianza kuchapisha Torchy Brown, kazi ya Jackie Ormes, mwanamke mweusi aliyekuwa na miaka ishirini na mitano. Torchy ni msichana wa Mississippi anayeamua kwenda Harlem kutafuta maisha. Kituoni anaona kibao kinachowaelekeza weusi kwenye behewa lao. Anajifanya hajui kusoma, anakwenda kuketi kwenye behewa la weupe. Ujasiri huo hauna chui wala kisu, na mwaka 1937 kusini mwa Marekani ungeweza kumgharimu mtu uhai wake.

Ormes alimrudisha Torchy mwaka 1950 katika hadithi ndefu za mapenzi na hatari, na pembeni mwa ukurasa akaweka mwanasesere wa karatasi wa Torchy na nguo za kukatwa kwa mkasi, ili msichana mweusi wa Chicago au Pittsburgh apate kumvalisha mwanamke mrembo anayefanana naye. Urembo ulikuwapo, nao haukumpunguzia Torchy kitu. Idara ya upelelezi ya FBI ilimfungulia Ormes faili, naye aliendelea kuchora. Katika masimulizi ya mwisho, Torchy anafanya kazi na daktari, Paul Hammond, katika mji wa kusini ambako kiwanda cha kemikali kinawatia sumu wakazi weusi, na mwenye kiwanda ni mbaguzi asiyejali. Wawili hao wanakusanya ushahidi na kumkabili. Hadithi hiyo ilikuwa ikitoka kila wiki hadi 1954, mwaka wa kitabu cha Wertham na wa zile kanuni, na ilikoma gazeti lilipoacha kurasa zake za katuni za rangi. Torchy alipata kazi, alipata mpenzi, alimshinda mwenye kiwanda, na aliyeyachora yote hayo aliandika jina lake kwenye ukurasa. Anayetaka kushikilia kwamba zama zile hazikuwa na mwanamke zaidi ya pambo atuambie kwanza Torchy Brown amemweka wapi.